Ekografi ya Moyo Kisha Stenti: Mambo Inaona na Mambo Haioni

Maneno haya komite ya afya iliyasema mu mukutano wa mwezi uliopita, hapa Lubumbashi. Bandugu wengi hawakufika juu ya mvua, na wengine walikaa nyuma karibu na jiko ya bamama, hawakusikia vizuri. Njo maana tuliombwa tuyaandike.

Tunaanza na kosa letu wenyewe, kusudi tukimaliza kulisema tuweze kufundisha.

Munakumbuka muzee wetu mwenye alirudia kutoka Johannesburg. Kule, moyo ulimushika akiwa ku kazi. Banganga walipitisha bomba nyembamba ku kiwiko cha mukono, wakafungua mushipa wa mbele wa moyo wenye ulikuwa umeziba, wakaacha stenti ndani. Kisha miezi tatu alirudia kwa bisi, Kasumbalesa mpaka hapa, na mufuko wa dawa mukononi. Sisi ba komite tulimutuma apimwe ekografi ya moyo, sanduku letu likalipa. Karatasi ikarudi: FEVG 58 kwa mia. Tuliisoma mbele ya mukutano. Tulipiga makofi, bamama wakaimba. Hakuna hata mumoja wetu alisema neno juu ya dawa.

Muzee aliwaza hivi, na ni yeye mwenyewe alituelezea: kama moyo uko muzuri na komite nzima imepiga makofi, basi nimepona. Dawa zilikuwa karibu kuisha, mujukuu alikuwa anafukuzwa ku masomo juu ya franga. Akalipa masomo, akaacha dawa. Haikupita mwezi, usiku mumoja kifua kikabana, jasho likatoka, mukono wa kushoto ukawa muzito. Ilikuwa mwezi wa 5 tangu stenti iwekwe. Damu iliganda ndani ya stenti. Alifika ku lopitali masaa mengi kisha, na usiku ule hapakuwa mutu wa kufungua mushipa tena kama kule Johannesburg. Alipewa dawa za kuyeyusha damu yenye kuganda. Mungu alisaidia, alipona. Ekografi ya kesho yake: 34.

Muzee iko hapa leo, ku kiti cha pili. Ametupa ruhusa ya kusema. Jina lake hatuandike, hata kama ninyi wote munalijua.

Sasa tuone tulikosa wapi.

Stenti ni kabomba kadogo ka waya, kama wavu wenye kuviringishwa, upana wake mara mingi ni milimita 2.5 mpaka 4. Inaingia ikiwa imefungwa juu ya baluni ndogo. Baluni ikijazwa, wavu unafunguka, unasukuma ukuta wa mushipa. Baluni inatoka, wavu unabakia. Baluni peke yake Andreas Gruentzig aliitumia mara ya kwanza mu mushipa wa moyo kule Zürich mu 1977. Stenti zilikuja mu 1986, Toulouse na Lausanne. Ule wavu hautoke tena. Na damu inauona kama mugeni: inataka kuganda juu yake, mpaka ngozi nyembamba ya ndani ya mushipa iufunike. Aspirini na klopidogreli, ao tikagrelori, njo zinazuia damu isigande mu wakati ule. Mutu mwenye stenti juu ya krizi ya moyo, mara mingi anameza dawa zote mbili kwa miezi 12; mwenye alipangiwa stenti bila krizi, mara mingi miezi 6. Munganga wa moyo anaweza kupunguza kama mutu iko na hatari ya kutoka damu. Kisha pale, kwa wengi, moja inabakia kwa maisha yote, mara mingi aspirini.

Ekografi nayo ni ileile kazi bamama wanaijua, ya kuangalia mutoto mu tumbo. Kifaa kinatuma sauti ya juu sana, yenye sikio la mutu haliwezi kusikia. Sauti inagonga nyama, inarudi, mashini inachora picha. Mu 1953, Inge Edler na Hellmuth Hertz wa Lund, kule Sweden, waliitumia mara ya kwanza ku moyo, na mashini yao waliiazima ku kiwanda cha kutengeneza mashua kubwa, kwenye ilikuwa inatafuta kasoro mu vyuma. Wale bababa walitumika Gécamines watacheka, lakini ni kweli: ile kazi ya kupima chuma bila kukikata njo mama ya ekografi ya moyo. Haiumize, haina miali kama radio, na kwa ekografi ya kawaida haiombe mutu ashinde njaa. Mama akitaka mwanamuke mwenzake awe mu chumba, aombe tu.

Sikieni vizuri hapa. Mishipa ya koronari ni midogo, inapinda-pinda juu ya moyo wenye kuruka kila sekonde. Ekografi yenye kupimwa juu ya kifua haiwezi kutuambia ndani ya stenti kuko namna gani. Inaona nyama ya moyo yenye inakula damu kupitia ule mushipa. Ni kama kuangalia shamba la mahindi ukiwa mbali na mufereji. Ukiona mahindi ni mabichi, unajua maji yalipita. Kama mufereji utaziba leo usiku, mahindi hayakuambie. Karatasi ya 58 ilisema kweli kabisa: nyama ya moyo wa muzee ilikuwa muzuri siku ile. Sisi njo tuliisomea mambo yenye haikusema.

FEVG ni nini? Chumba cha kushoto cha chini cha moyo kinajaa damu, tuseme mililita 120. Kikijibana kinatosha 70, kinabakisha 50. 70 mu 120 ni 58 kwa mia. Hakuna moyo unatosha yote. Kwa mwanaume wa kawaida ni 52 mpaka 72, kwa mwanamuke 54 mpaka 74. Mama mumoja wa kwetu alilia ku mulango wa lopitali juu alisoma 60. Aliisoma kama buletini ya masomo, akasema basi 40 ya moyo wangu imekufa! Tulimwambia, mama, hii 60 ni ya mutu muzima kabisa. Chini ya hapo: 41 mpaka 49 moyo umechoka kidogo, 40 na chini umechoka sana. Na wale walirudia na karatasi za kingereza wajue: kule wanaandika LVEF, huku banganga wetu wanaandika FEVG. Ni kitu kimoja. Vilevile mushipa wenye kule wanaita LAD, huku karatasi itasema IVA. Ndugu mumoja alikuja kutuuliza juu ya nini amepewa magonjwa mbili.

Kile kipimo kiko na kosa lake. Mupimaji mumoja anaweza kupata 52, mwenzake 57, moyo ni uleule, asubuhi ileile. Kwa hiyo mutu asifanye karamu juu ya pointi 3, na asifanye kilio juu ya pointi 3. Ikiwezekana, apimwe ku mashini ileile na mutu yuleyule, na karatasi ya zamani iwe mukononi.

Lakini namba haitoshe. Banganga wanagawanya ukuta wa kile chumba mu vipande 17, na wanaangalia kila kipande kinafanya nini: kinajibana vizuri, kinajibana kwa uzaifu (karatasi itasema hipokinezi), hakisogee (akinezi), ao kinatokea inje wakati wenzake wanaingia ndani (diskinezi). Mushipa wa mbele unalisha ukuta wa mbele na ncha ya moyo. Wa kuume mara mingi unalisha ukuta wa chini. Wa tatu unalisha upande. Njo maana karatasi ya stenti na karatasi ya ekografi inaomba zisomwe pamoja. Kama stenti iko mbele na ukuta wa mbele umeanza kusogea, ni habari njema. Kama ukuta wenye hakuna mutu aliugusa umelala, inaomba munganga ajiulize juu ya mushipa mwingine. Ekografi inaonyesha tena kama mulango kati ya vyumba vya kushoto unavuja, kama kuko maji kuzunguka moyo, na kama damu imeganda mu ncha ya chumba.

Hii ya mwisho ilimupata muzee. Ku ekografi ya 34, ncha ya moyo ilikuwa imelala kabisa, na pembeni yake damu imeganda. Kile kipande kikijikata, kinapanda ku kichwa, mutu anaanguka upande mumoja. Munganga aliongeza dawa ingine ya kuzuia damu kuganda, akasema kisha miezi tatu tutaangalia tena. Bila ile picha, hakuna mutu angejua.

Sasa jambo la wakati, na hapa njo franga za watu zinapotea.

Nyama ya moyo ikikosa damu kwa muda, kisha damu ikirudi, haiamuke mara moja. Inabakia hai lakini imepigwa butwaa. Eugene Braunwald na Robert Kloner waliandika juu ya ile hali mu 1982. Inaweza kukaa siku, inaweza kukaa mawiki. Kwa hiyo ekografi ya kesho yake ya krizi inapima vitu viwili pamoja: nyama yenye ilikufa na nyama yenye imezubaa. Hauwezi kuzitenganisha siku ile. Inaomba kungoja. Njo maana ekografi ya kwanza inafanywa mbele mutu atoke ku lopitali, na kama ilikuwa chini, ya pili kati ya wiki 6 na 12.

Mu wiki ya pili, mutoto mukubwa wa muzee alikuja kwetu na karatasi ya kiwanja. Mutu fulani alimwambia moyo wa 34 unahitaji kamashini ka kuwekwa ndani ya kifua, ka kuushitua ukisimama, na inaomba kwenda India haraka. Alikuwa anatafuta mununuzi. Hatumulaumu, ni baba yake. Lakini sheria ya banganga wa moyo iko wazi: ile mashini, kwa kuzuia kifo cha gafula, haiamuliwe kwa karatasi ya kesho yake ya krizi. Wanangoja siku 40 kwa uchache kisha krizi, na karibu miezi tatu kama mushipa ulifunguliwa, mutu akiwa anameza dawa zake zote. Kisha pale, kama ingali 35 ao chini, njo wanaongea. Munganga wake alisema vilevile. Tuliketi na mutoto mpaka saa mbili ya usiku. Alirudia nyumbani na karatasi yake.

Kisha miezi tatu: 44. Damu yenye kuganda mu ncha, hakuna tena. Ncha ingali imelala, na ile haitaamuka. Kiwanja kiko palepale, mahindi yamepandwa.

Ndugu mumoja aliuliza mu mukutano: akiongezewa stenti zingine, si 44 itarudia 58? Ni ulizo la akili. Kufungua mushipa wakati krizi inaendelea kunaokoa nyama, ile hakuna ubishi, na kila saa ina bei yake. Lakini kwa moyo wenye ulishazaifika kwa muda mrefu ni mambo mengine. Kule Uingereza walichukua watu 700 wenye moyo wa 35 ao chini na mishipa yenye kuziba sana. Nusu waliwekewa stenti na kumeza dawa, nusu walimeza dawa tu. Majibu yalitoka mu 2022. Kisha miezi 6 na kisha miezi 12, FEVG ya pande mbili ilikuwa karibu sawa. Kwa hiyo stenti haiko dawa ya kupandisha namba. Munganga anaweza kuiweka juu ya sababu zingine, maumivu ya kifua kwa mufano. Mutu asiuze nyumba akifuata namba.

Kisha mama mumoja akauliza kama stenti inaweza kuanguka ukiruka ku kanisa. Haianguke, mama. Imesukumwa ndani ya ukuta na ngozi inaifunika. Ruka.

Ikabakia mambo ya sanduku, na pale tulibishana, hatutaficha. Komite ilipendekeza sanduku lilipe ekografi kwa kila memba mwenye stenti. Dada mumoja mwenye alirudia kutoka ku kambi ya Zambia akasimama. Alisema: hizi stenti ni za wale walienda Johannesburg, India, Dar es Salaam. Sisi wa kambi tulirudia na tansyo, na dada yangu moyo wake ulivimba kisha kuzaa, hakuna mutu alimupima mpaka miguu ikajaa maji. Franga yangu ya kila mwezi inalipa moyo wa nani?

Mukutano ulinyamaza. Kusema kweli, hatukuwa na jibu. Ile mashini haichague moyo wa stenti na moyo wa tansyo. Mama mwenye alizaa juzi na anapumua kwa shida akilala, ekografi ingemusaidia kuliko mutu mwenye stenti mwenye anapanda ngazi bila shida. Tulirudia ku meza, tukabadilisha maandiko, na mikono ikainuka kwa hii ingine:

Sanduku litalipa ekografi kwa memba yeyote mwenye dalili mupya: kukosa pumzi akilala ao akitembea kidogo, miguu kuvimba, kuzimia. Kwa mwenye stenti juu ya krizi, litalipa moja ya mwezi wa tatu, na kama alirudia bila karatasi ya kwanza, litalipa moja akifika, kusudi tuwe na mahali pa kuanzia. Mwenye stenti mwenye iko muzuri, moyo wake uko muzuri, hana dalili, hatalipiwa ekografi ya kila mwaka. Haina faida kwake. Zile franga zitaingia mu dawa zake, na za wenye tansyo, kwa miezi yenye mutu anakosa. Mbele ya kuacha dawa juu ya franga, mutu aje kwetu, hata usiku, hata kama iko na deni ya kotizasyo. Kama anaona choo cheusi ao damu inatoka, aende kwa munganga siku ileile, asiache dawa mwenyewe.

Na kifua kikibana, usiende kupanga mustari ku ekografi. Enda ku urujansi wakupime elektro ya moyo na damu. Ekografi yenye kupimwa kisha maumivu kupita inaweza kuonekana muzuri kabisa na mushipa uko mu hatari. Kama munganga anataka kujua moyo unafanya nini ukipewa kazi, kuko ekografi ya kupimwa mutu akiwa mu mazoezi ao amepewa dawa ya kuukimbiza. Ile ni yeye anaamua.

Siku ya posho ya kwanza ya mwezi, kuanzia saa tatu ya asubuhi, tutaketi ku nyumba ya mikutano. Kila mwenye stenti, tansyo ao moyo wenye uzaifu alete dosie yake yote, hata karatasi zenye maji yaliziharibu mu safari, hata disiki ya picha yenye hajui itamusaidia nini. Tutaandika ku kikarti kimoja: siku stenti iliwekwa, mushipa gani, FEVG ya kwanza na ya pili, dawa zake na siku munganga alisema zitaisha. Ule mwenye hana kitu aje vilevile, tutamuuliza tuandike.

Muzee aliomba kazi, tukamupa meza ya kwanza, karibu na mulango. Haatauliza namba ya moyo ya mutu. Ataomba uweke dawa zako juu ya meza, na atazihesabu.